Kitalu Namba Themanini na Nane

Ubao ulikuwa ukutani pale mapokezi, juu ya picha ya twiga, na kwa siku mia moja na tisa ulikuwa umeandika namba ileile: 1.

Chini ya namba kulikuwa na maneno: WALIOBAKI SEKTA YA KWANZA, WILAYA YA LUPONELA. Kila aliyeingia ofisini aliutazama ubao kwanza, ndipo akakumbuka kusalimia. Mlinzi wetu alikwishahamishia kiti chake nje, akisema namba ile inamharibia siku. Meza yangu ilikuwa mkabala nao, kwa hiyo sikuwa na pa kukimbilia.

"Skola," akaniita Bwana Kiswaga, mratibu wetu, akiwa amesimama mlangoni na koti lake la mvua. "Ijumaa."

"Ijumaa kuna nini?"

"Ijumaa tunakuwa sifuri. Matarumbeta nimeshayakodi. Mbuzi wawili wapo nyuma ya stoo, umewasikia mwenyewe."

Nilikuwa nimewasikia. Walilia tangu asubuhi, na mimi nikajifanya ni redio.

Nieleze kidogo, maana hata mimi kuna siku mambo haya hunipotea. Sekta ya Kwanza ni wanaochukua kitu kwenye udongo, maji au mwamba. Ya Pili ni wanaokigeuza kitu hicho kuwa bidhaa. Ya Tatu wanakiuza, wanakibeba, wanakihudumia. Ya Nne ni wanaofikiri kwa niaba ya wengine, yaani sisi wa Mamlaka ya Mizani, na nalisema hilo nikiona haya kidogo. Taifa lilikuwa limeamua kwamba maendeleo ni ngazi, na wilaya yenye mtu hata mmoja chini kabisa haipandi. Kumpandisha mtu tuliita uhamisho. Anaketi kwenye kiti, anavalishwa Kofia, na baada ya dakika arobaini ujuzi wa mikono yake umeingia Ghala la Taifa, kutoka huko unapelekwa kwenye mashine za shambani tunazoziita mikono. Yeye anapewa ujuzi mpya na kikombe cha uji. Kofia haichambui sana. Ikichukua kazi, inachukua na watu uliokuwa ukikutana nao kazini, na harufu zake, na nyimbo kama zipo.

Najua, kwa sababu nami nilihamishwa, miaka sita iliyopita. Jalada langu lina mstari mmoja: *Kutoka ya Kwanza kwenda ya Nne. Kazi ya awali: imefichwa kwa faida ya mhamishwa.* Watu wakiniuliza nilikuwa nani, nasema nilichuma chai. Nimelisema hilo mara nyingi kiasi kwamba sasa nina maoni makali kuhusu majani ya chai.

"Anaitwa Lusiana Mgaya," Bwana Kiswaga akaendelea. "Anagema ulanzi, maji ya mianzi yanayochacha, kule Lihemba. Umri hamsini na mbili. Ameitwa mara saba, hakuja. Wewe ndiye mpangaji pekee tuliyebaki naye, na hahamishwi mtu bila sahihi ya mpangaji. Nenda kamwone, mpange, tia sahihi, gari la Kofia litafuata."

"Na akikataa?"

Akavua kofia ya koti, akaketi kwenye kona ya meza yangu, jambo ambalo halipendi kwa wengine. "Skola, unajua Mama Tumaini amelala saa ngapi jana? Hakulala. Saa kumi alfajiri yuko barabarani, kilomita mia mbili, kwenda kusafishwa damu. Mara tatu kwa wiki. Mashine ile wanaweka kwenye wilaya zilizofika sifuri tu. Mtu mmoja na kisu chake anamzuia mke wangu. Na si yeye peke yake, wapo kumi na tisa kwenye gari la safari hiyo."

Mama Tumaini aliwahi kunifumia soksi.

"Halafu kuna mianzi," akasema. Na hilo pia lilikuwa kweli. Mabomba yetu, mbao zetu, hata nusu ya nguo zilitoka kwenye mianzi, na viwanda vya bondeni vilikuwa vimesimamisha zamu ya pili kwa sababu msimu wa tatu sasa mianzi haikuchipua. Vichaka vyote vya wilaya vilikuwa vinakauka, isipokuwa pale Lihemba kwa huyo mama. "Ana siri. Kofia ikimvua, tunapata sifuri na siri kwa siku moja."

Kishikwambi changu kikalia. Ujumbe ulikuwa uleule unaokuja kila mwanzo wa mvua: *Kitalu namba 88 kinasubiri idhini ya mmiliki ili mikono iingie. RUHUSU au BAADAYE?* Mimi sina kitalu. Sina hata kopo la maua dirishani. Mwaka wa kwanza niliandika barua kulalamikia kosa hilo, nikajibiwa kwamba barua yangu imepokelewa. Tangu hapo nabonyeza BAADAYE tu.

Nikabonyeza BAADAYE, nikachukua mwavuli.

*

*Mwongozo wa Mpangaji, kifungu cha 12. Mtu hupangwa kwa kazi anayoonekana akiifanya mbele ya mpangaji, si kwa kazi anayosema anaifanya. Mtu mmoja, sekta moja.*

*

Ukungu wa Lihemba haukuwa na haraka siku ile. Nilimsikia kabla ya kumwona: kisu kikikwangua, kimya, kisu kikikwangua tena. Alikuwa amesimama juu ya kigoda katikati ya mianzi, amevaa mabuti ya mvua na sweta la kiume lililofumuka mkono mmoja. Alikuwa anachonga ncha ya mwanzi mchanga, akitoa kipande chembamba sana, kama mtu anayemenya kiazi akiogopa kupoteza nyama. Chini ya ncha alining'iniza mbeta, kile kipande cha mwanzi kinachokinga maji yake.

"Kamwene," nikasema.

"Kamwene, jirani. Umechelewa."

"Lakini hatukupanga saa."

"Sisemi saa."

Nikaona huyu ni mmoja wa wale wa kunisumbua. Nikawasha kishikwambi, na sauti ya Mizani, ile ya kike yenye subira ya kukera, ikaanza: "Eleza kazi inayoonekana."

"Anachonga ncha ya mwanzi ili utoe maji."

"Sekta ya Kwanza. Thibitisha."

Ingekuwa imekwisha hapo. Lakini Lusiana alikuwa ameshashuka, anamimina mbeta ndani ya ndoo, na ndoo ile ilikuwa inatoa povu.

"Hiyo inachacha?" nikauliza.

"Ya jana. Hii ya leo ni tamu, mtoto anakunywa. Ile ya jana ukinywa utaimba."

"Eleza kazi inayoonekana," Mizani ikasema.

"Anatengeneza pombe."

"Sekta ya Pili. Taja mtengenezaji."

Nikamtazama Lusiana. Lusiana akaitazama ndoo. "Inajitengeneza yenyewe," akasema. "Mimi naifunika tu nzi wasiingie. Waandike nzi."

Mzee mmoja aliyestaafu uhasibu akatokea kwenye ukungu na jagi lake, akasalimia, akajaziwa, akaulizwa habari za goti, akaambiwa apunguze chumvi na asipande mahindi wiki hii maana ukungu umekaa upande wa bondeni. Akaondoka ameridhika.

"Sekta ya Tatu," Mizani ikasema. "Ushauri wa hali ya hewa umetambuliwa. Sekta ya Nne. Hitilafu. Mtu mmoja, sekta moja. Chagua."

"Subiri," nikasema.

"Chagua."

Nilikuwa nimepanga watu elfu mbili na mia nne kwa miaka sita, wala sijawahi kuchanganyikiwa namna ile. Nilimpanga mvuvi wa bwawani kabla chai yangu haijapoa.

Lusiana akanipa kikombe. "Kunywa kwanza. Tamu, usiogope, hutaimba."

Nikanywa. Ilikuwa tamu na baridi, na ina harufu ya majani yaliyokatwa. Nitasema ukweli, kwa sababu mtu akisoma haya atategemea nikumbuke kitu: sikukumbuka. Nilisimama na kikombe nikingoja kitu kinijie, na yeye alikuwa ananitazama mdomoni akingoja pia, na hakuna kilichokuja. Akapokea kikombe, akakisuuza kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Ndipo nikaziona nyuzi. Nyuzi nyekundu za sufu, zimefungwa kwenye machipukizi, moja hapa, moja pale, mbili kwenye kichaka kile, hakuna kwenye kinachofuata. Nikaelewa sweta lake limekwenda wapi.

"Na hizi?"

"Hizo haziguswi. Lenye uzi halikatwi. Linaachwa likue, mwakani lilete wenzake."

"Unazichaguaje?"

"Njoo nikuonyeshe kitu," akasema.

*

Tulipita mtaro, tukapanda kilima hadi vitalu vya wilaya. Nilikuwa nimeviona kwenye ramani, vimepakwa kijani. Rangi hiyo ya kijani sikuiona. Mianzi ilisimama mikavu, rangi ya mifupa, safu hadi safu, na juu yake kulikuwa na reli za chuma, na kwenye reli mikono.

Mikono ilikuwa kazini. Hilo ndilo lililonitisha. Hakuna tone lililotoka, lakini kila mkono ulishuka kwenye mwanzi wake mkavu, ukachonga ncha kwa ustadi kabisa, ukaweka mbeta sawa, ukahamia mwingine. Hakuna aliyeuambia kwamba mianzi imekufa. Ujuzi wa kugema ulikuwemo wote.

"Ule ni Festo," Lusiana akasema, akionyesha kwa kidevu. "Unaona anavyopindisha kiwiko? Alianguka mtini akiwa mdogo. Festo mwenyewe sasa anauza bima, kiwiko kimenyooka. Ule wa pili ni mke wa Ngailo, anakata haraka halafu anarudia. Wale watatu pale ni ndugu, wana mkono mmoja, sijawahi kuwatofautisha hata walipokuwa watu."

Nikacheka, kisha nikaona hatanii.

"Na ule wa mwisho?" nikauliza. Sijui kwa nini niliuliza. Mkono wa mwisho kwenye reli ulikuwa tofauti na mingine. Ulikuwa unashuka hadi karibu na ncha, kisha unasita. Muda wa mtu kuvuta pumzi moja hivi. Ndipo unakata.

"Ule unasita," Lusiana akasema.

"Nimeona. Una hitilafu?"

"Hauna hitilafu. Ulikuwa unasita ili kutazama kama kuna uzi. Wamechukua kusita, uzi hawakuuchukua." Akageuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu nifike. "Jirani, ule ni wewe."

Nakumbuka nilisema, "Mimi nilichuma chai."

"Chai!" akasema. "Wewe hata chai ya kunywa ulikuwa unamwaga nusu."

Nilikaa chini, kwenye majani yaliyolowa, sketi ya ofisi na yote. Mkono ulishuka, ukasita, ukakata. Nikaunyosha wangu mbele yangu nikautazama. Ulikuwa mkono wa karani, una wino kwenye kidole cha shahada. Nilikuwa naona wivu, hasira na aibu kwa pamoja, na sikujua nimwonee nani wivu, maana mwenye mali na mwibiwa na aliyetia sahihi walikuwa watu wa ukoo mmoja, wote mimi.

Lusiana akaketi karibu yangu. Alieleza haraka haraka, kama mtu aliyekuwa amejiandaa miaka mingi na sasa anaona haya kwa maandalizi hayo. Pale Lihemba mtu hafungi nyuzi kwenye kitalu chake mwenyewe. Jirani ndiye anakuja siku ya kwanza ya mvua na kuchagua ya kuachwa, kisha nawe unakwenda kwake. Mwenye kitalu ana kiu, kila chipukizi analiona ni ndoo. Jirani hana kiu ya mali yako. Anaweza kukuachia hata lile zuri kuliko yote, ukauma meno, na hutakiwi kusema neno. Mimi nilifunga kwake, yeye alifunga kwangu, miaka kumi na tisa.

"Kile kitalu ulimonikuta," akasema, "si changu. Namba yake themanini na nane. Ni chako. Ulipoondoka niliendelea kufunga, kwa sababu zamu ilikuwa yangu. Na kwa kuwa mwenyewe hukuwepo kugema, nikagema yale nisiyoyafunga, ili vichaka visisongane. Mikono haikuja. Sijui kwa nini haikuja, vya wengine vyote iliingia."

Nilijua kwa nini haikuja. BAADAYE, mara sita. Sikumwambia upesi, nilitaka angalau kitu kimoja siku ile kiwe changu.

"Na chako?" nikauliza.

"Cha kwangu ni kile ng'ambo ya mtaro. Sijakigusa. Nani angenifungia?"

"Misimu sita?"

"Sita."

"Kwa nini hukuja kuniambia, dada?"

"Nilikuja. Ofisini kwako. Ukanipa fomu." Akafikicha tope kwenye buti. "Nikarudi mara ya pili. Ukanipa fomu na kalamu."

*

Nilimpigia Bwana Kiswaga nikiwa palepale kilimani, na nilizungumza vibaya, nikianzia katikati. Alinisikiliza. Ni mtu anayesikiliza, ndiyo maana kumkatalia ni kazi.

"Basi ndiyo siri yenyewe," akasema. "Nyuzi. Vizuri. Kofia itazichukua."

"Haitazichukua. Hebu ngoja." Nikaiuliza Mizani, naye akiwa hewani anasikia: katika uhamisho wa wagema wa Lihemba, habari ya nyuzi iliwekwa wapi?

"Habari hiyo ilipatikana kwa wahamishwa mia tatu na kumi na mmoja," Mizani ikasema. "Hakuna aliyekuwa nayo kuhusu kitalu chake mwenyewe. Ilihusu vitalu vya watu wengine. Haikuonekana kuwa ni kazi ya yeyote. Ilipangwa kama mazungumzo, ikafutwa ili kupunguza mzigo."

Nyuma ya Bwana Kiswaga nikawasikia mbuzi.

"Sawa," akasema hatimaye, polepole. "Sawa. Tumekosea. Lakini sasa tumejua, si ndiyo? Tunaweka mashine mbili. Moja inagema, nyingine inafunga nyuzi kwa mwenzake. Tunaita, sijui, ujirani wa mashine. Tunamhitaji yeye tu atupe namna ya kuchagua. Skola, kosa moja halifuti ngazi nzima."

Na hapo ndipo pagumu, maana huenda alikuwa anasema kweli. Huenda mashine mbili zingetosha. Au huenda Kofia ingemvua Lusiana ikakuta tena watu, goti la mzee, ukungu wa bondeni, ikaita mazungumzo. Sikujua. Nilimwambia sijui. Nilimwambia pia kwamba mashine haina kiu, sasa itajizuia nini? Akasema hilo ni fumbo, si jibu, na nadhani alikuwa sahihi.

"Mama Tumaini anasafiri tena kesho kutwa," akasema. "Sikutishi. Nakwambia tu."

"Najua, Bwana Kiswaga."

"Ijumaa, Skola."

Nilipokata simu Lusiana alikuwa hayupo pale tulipokuwa tumekaa. Alikuwa ameshavuka mtaro, amesimama mbele ya kile kitalu alichokiacha misimu sita. Pori. Mianzi minene na myembamba imesongana, machipukizi mapya yanajipenyeza kutafuta nafasi. Alikuwa anavuta uzi kwenye mkono wa sweta, anaukata kwa meno, vipande vipande, anavikusanya kiganjani.

Nikamfuata, akanipa.

"Mvua ya kwanza ilikuwa jana," akasema. "Ndiyo maana nikasema umechelewa."

"Sijui kuchagua. Imetoka yote, dada. Kichwa hakina kitu."

"Sijakuuliza kichwa."

"Basi nionyeshe hata moja."

"Ni cha kwangu. Siruhusiwi."

Niliingia. Majani yalinimwagia maji shingoni. Nilisimama mbele ya kichaka cha kwanza muda mrefu sana, nikingoja mikono yangu inifanyie muujiza, na mikono ilining'inia tu. Basi nikaanza kufikiri, kwa sababu sikuwa na kingine. Nikafikiri juu yake, si juu ya mwanzi. Nikafikiri kwamba anasimama juu ya kigoda, na goti lake la kulia nililiona likitetemeka aliposhuka, kwa hiyo yale ya pembeni anayoyafikia bila kigoda nimwachie ageme, nifunge ya katikati. Nikafikiri mwakani atakuwa na hamsini na tatu. Nikafunga moja. Fundo langu lilikuwa baya. Nikamtazama kupata ishara, naye alikuwa amegeukia upande wa pili kwa makusudi, akihesabu mbeta za kitalu changu, ambazo hazikuwa nyingi za kuhesabiwa.

Nikafunga la pili. Nilipofika kwenye chipukizi moja nene, zuri, lenye afya kuliko yote, nikalifunga, na nikasikia nyuma yangu mtu akivuta pumzi kwa uchungu, akinyamaza.

Sijui kama nilipatia. Nalisema tena ili nisije nikaonekana shujaa: sijui. Nilikuwa nimefunga kumi na nne, nguo zimelowa, na nilikuwa nalia kwa sababu nilikuwa nimemkosa mtu ambaye simkumbuki, na alikuwa amesimama hatua tano kutoka kwangu.

Kishikwambi kikalia mfukoni. "Upangaji haujakamilika," Mizani ikasema. "Eleza kazi inayoonekana."

Nikamtazama Lusiana. Alikuwa hafanyi kitu. Alikuwa ameketi juu ya kigoda na mikono mapajani, akingoja nimalize, maana desturi haimruhusu kushika kisu kabla jirani hajatoka shambani. Aliyekuwa na kazi pale alikuwa mmoja tu.

"Mwanamke," nikasema, "anafunga nyuzi kwenye machipukizi ya mianzi."

"Tafuta sekta. Hakuna. Inayokaribia: ya Kwanza. Weka kiganja cha mhusika."

Kifungu cha 12. Anayoonekana akiifanya. Nilijua kitakachofuata, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikiwaeleza wengine: kiganja kikisomwa, cheo cha zamani kinakufa papo hapo, na sahihi yangu pamoja nacho. Wilaya ingekaa bila mpangaji. Mwingine angefundishwa, miezi minane, tisa. Mvua ingekuwa imekuja na kupita, na kingechipua kitakachochipua. Na lile gari la alfajiri lingeendelea kwenda na watu kumi na tisa ndani yake, na mmoja alinifumia soksi. Hilo nililibeba pamoja na lile la Lusiana. Hakuna lililolifuta jingine.

Nilikuwa na tope na utomvu. Nikakifuta kiganja kwenye sketi, nikakiweka kwenye kioo.

"Imethibitishwa," Mizani ikasema, kwa sauti ileile.

Simu ililia kabla sijamaliza fundo la kumi na tano. Bwana Kiswaga alikuwa anapumua kwa nguvu, amekimbia kutoka mapokezi.

"Skola, ubao umeharibika. Umeandika mbili."

"Haujaharibika."

Nyuma yake mbuzi walikuwa wamenyamaza.

"Huyo wa pili ni nani?" akauliza, ingawa nadhani alishajua.

Nikamtazama Lusiana, ambaye alikuwa amesimama sasa, anapima kwa macho lile chipukizi nene nililomnyima, na anauma meno, na hasemi neno.

"Jirani yake," nikasema.